Msaragambo wa mashuka

Saa mbili asubuhi, nyuma ya wodi za hospitali mjini Babati, wanawake wa kijiji cha Nakwa wamelizunguka karo la kufulia, sketi zimekunjwa magotini, wanakanyaga mashuka huku wakiimba. Wapita njia wanasimama. Kuna arusi? Kuna msiba?

"Hakuna arusi wala msiba, kuna mafua!" anajibu Mektilda, dobi wa hospitali, kisha anageukia pembeni na kupiga chafya mfululizo. Wenzake wanaangua kicheko. Naye anacheka, machozi yakimlengalenga.

Mektilda, ambaye kila mtu humwita Mama Anselmi, ni mzaliwa wa Mbulu aliyeolewa Nakwa. Kazi yake ni ya watu watatu. Lakini hii ni Julai ya 1984, baridi imeshika, na wenzake wawili, Kornelia na Konstantini, wamelazwa na mafua majumbani mwao. Wauguzi kadhaa nao hawaonekani kazini.

Kwa nini kila mwaka mafua yaanze na watu wa hospitali? Sokoni jibu liko tayari. "Hawaumwi hao, wako foleni ya sukari," anasema Mikidadi, mwenye duka la vitambaa. "Iweje wenye dawa waugue kuliko sisi?"

Mektilda akisikia hayo hukasirika kweli. "Mgonjwa akikohoa anamkoholea nani kwanza? Si sisi? Shuka lake nalikumbatia mimi kabla halijaona maji. Na sabuni iko wapi?"

Sabuni ya mgawo iliisha zamani. Anafulia majani ya mpapai yaliyopondwa, magadi na maji ya moto. Kwa mshahara wa shilingi mia nane na ushee kwa mwezi, hawezi kuinunua ya magendo. Na kulala nyumbani kwa sababu ya mafua hajawahi. "Kwetu mafua si ugonjwa. Ukilala, watu wanasema mvivu."

Kilichomfanya aite majirani ni Salme, mama kutoka kijiji cha Mutuka mwenye uvimbe tumboni. Alikuwa apasuliwe Jumanne iliyopita, akarudishwa wodini kwa kuwa hapakuwa na nguo safi za chumba cha upasuaji. Daktari amesema uvimbe ule unakua na hausubiri.

"Nilipokwenda kuchukua mashuka akanishika mkono," anasimulia Mektilda. "Akaniuliza, 'Mama Anselmi, na Jumanne hii nitarudishwa?' Nilitoka pale moyo unaniuma."

Akapika togwa. Huku mtu akizidiwa na shamba, hupika kinywaji, akaita majirani, nao huja na majembe. Ndio msaragambo. Wa mashuka hakuna aliyewahi kuusikia. Mumewe, Herieli, alimtania: "Utawaambia waje na nini, majembe?"

"Waje na miguu," akajibu.

Wakaja. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kufikia adhuhuri ua mzima ulikuwa mweupe kwa mashuka, nguo za upasuaji zikichemka kwenye pipa. Ndipo kibuyu cha togwa kikaanza kuzunguka. Kama adabu inavyotaka, mwenyeji akaonja kwanza, wageni wajue ni salama. Kisha midomo yote ikafuata.

Jumanne hiyo, Salme akapasuliwa, akaamka mzima. Alhamisi, Nakwa yote inakohoa! Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii wageni walikuja, wakaugua wao.

Matroni Katarina hakucheka. "Umetufulia mashuka vizuri, Mama Anselmi, halafu ukatuletea watu wa kuyalalia. Nenda nyumbani. Nisikuone hapa mpaka upone."

Ijumaa mwandishi wa habari hizi anamkuta kwake, amejifunika blanketi. "Usinipe mkono. Kaa pale mlangoni," anaamuru. Ameona haya. "Ningelala siku ile, majirani zangu wangekuwa wazima."

"Na Salme je?" anauliza mwandishi.

"Hapo ndipo ninaposhindwa, baba."

Mara Herieli anaingia kutoka hospitalini. "Karo limejaa watu."

"Nani tena? Majirani si wanaumwa?"

"Dada zake Salme. Wametoka Mutuka kuja kumuuguza. Amewaambia, aliyenifulia mimi anaumwa, nendeni mkamshikie kazi."

Mektilda anatupa blanketi, anatafuta kanga yake. "Hawajui kipimo cha magadi!"

"Watajua. Lala."

Anakaa tena kitandani. Analia waziwazi, bila kujificha, kisha anapenga kamasi na kucheka.

"Nikipona nitawapikia togwa, wa Mutuka na wa Nakwa. Kila mtu na kikombe chake. Na nikianza chafya tena, nitawaita waje wafue, mimi nibaki nyumbani."

Anajilaza, anajifunika mpaka kichwani. Nje jua bado liko juu, saa za kazi, na Mama Anselmi amelala.