Nasike na Ubao Alioudharau Nakasero

Mdomo wa Nasike uliingia ziwani majuma kadhaa kabla ya mwili wake. Ndivyo ulivyozoea. Mdomo huo ulikuwa umepika pilau ya harusi kabla mikono haijajua kuchambua mchele, ukaendesha pikipiki kabla makalio hayajagusa kiti, na siku moja ulikaribia kumzalisha mwanamke pale pale sokoni, bahati nzuri mkunga akatokea.

Alikuwa Mbukusu wa upande wa Bungoma, mnene wa haki, mwenye kicheko cha kufukuza kunguru. Katika soko la Owino, jijini Kampala, aliuza mitumba ya michezo: jezi, raba, kaptura za watu waliokusudia kupungua wakaghairi. Kibanda chake kilikaa kwenye kona, vichochoro viwili vinapokutana. Asiyelijua soko hawezi kujua maana ya kona. Mwenye kona huonwa na watu wa pande mbili; aliye ndani huonwa na Mungu peke yake. Nasike alianzia ndani, kando ya mtaro, mahali ambapo raba zilinuka hata kabla hazijavaliwa. Kona aliipata baada ya miaka mingi ya kungoja bibi mmoja astaafu, na bibi mwenyewe hakuwa na haraka.

Jirani yake alikuwa Huzaifa, Mnubi wa Kisenyi, muuza mikanda. Kibanda cha Huzaifa kilikuwa nyuma ya nguzo, kwa hiyo mikanda yake ilionekana na nguzo. Kilichomwokoa ni sauti. Akivuta pumzi, hata wauza nyanya wa mbali walikamata mizani zao.

Mstari wao wa vibanda ulikuwa na desturi moja. Zamani wote walikuwa wakiita wateja kwa pamoja, mpaka wateja wakakimbia wakidhani mwizi anafukuzwa. Wakakubaliana waite kwa zamu. Mmoja akianza mwito wake, wengine kimya. Mwito huisha ukifika mwisho, au mteja akiitika. Mteja akishauliza bei, umeitikiwa. Zamu yako imekwisha hata kama hujafika katikati. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na labda ndiyo sababu iliheshimiwa.

Siku moja Nasike alifungua belo jipya la mitumba, na katikati ya jezi likatoka kitambaa kikubwa kama shuka la maharusi, chenye vishikio, na ukingo mnene wa kujazwa upepo.

"Nyabo, mama, hilo ni hema la kipofu," akasema Huzaifa. "Halina mlango wala dirisha."

Kijana mmoja mhudumu wa hoteli, aliyekuja kutafuta raba, alicheka akatoa simu yake. Akawaonyesha mzungu aliyeshika kitambaa kama kile kwa mikono miwili. Kilikuwa bawa, na upepo ulikuwa umelijaza. Miguuni alisimamia ubao, lakini ubao haukugusa maji. Chini yake palikuwa na mguu mrefu wa chuma wenye vibawa, foili, uliokata maji huku mzungu akielea juu kama korongo asiye na shughuli.

"Kumbe kazi yenyewe ni kusimama?" akasema Nasike. "Mimi nasimama hapa tangu asubuhi na hakuna anayenipiga picha. Hiyo hata mimi naweza."

"Rudia," akasema Huzaifa.

"Hata mimi naweza."

"Rudia kwa nguvu, mstari wote wasikie."

Nasike akarudia kwa nguvu. Mdomo ni mdomo.

Basi Huzaifa akaweka masharti mbele ya watu wote. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane, Nasike ataruka juu ya maji ya ziwa kule Munyonyo. Huzaifa ataanza kuita mikanda yake, na mpaka mwito uishe ubao usiguse maji. Ukigusa, wanabadilishana vibanda: Nasike nyuma ya nguzo, Huzaifa kwenye kona.

"Na nikiweza?"

"Ukiweza, Mukenya, mwaka mzima nitakuitia raba zako kwa koo hili hili."

Wakapeana mikono. Jioni ile Nasike alipokunja bidhaa, aliitazama kona yake kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyemtaja kwenye mahari akiwa amelewa.

Munyonyo palikuwa na kilabu cha michezo ya majini, na mwalimu wake alikuwa Akot, dada mrefu kutoka Lira, mpole wa maneno na mkali wa macho. Siku za kwanza hakumruhusu hata kulowa. Alimweka kwenye nyasi na lile bawa, akamfundisha kuliinua, kuliegemeza kwenye upepo, na kulivuta karibu ili lipate nguvu. Hapo Nasike alifanya vizuri. Mikono iliyobeba mabelo haiogopi upepo.

"Sasa tafuta ubao na foili, Mama," akasema Akot. "Ubao uwe mkubwa, mnene, unaoelea wenyewe. Foili iwe na vibawa vipana na mguu mfupi. Vitu vizuri tutavitafuta baadaye."

Hilo neno "vitu vizuri" ndilo lililoharibu mambo. Miaka yote Nasike alikuwa amejifunza jambo moja: mtumba wa daraja la kwanza ni wa kwanza, wa tatu ni wa tatu, na anayechagua wa tatu kwa hiari yake ana lake jambo.

Alisikia kwamba huko juu, kilima cha Nakasero, kuna mzungu ambaye kazi yake imekwisha, anauza vitu vyake kabla ya kurudi kwao. Akaenda. Kwenye nyasi za bustani palikuwa na seti mbili. Ya kwanza ubao mweusi, mdogo, mwepesi, unaong'aa kama kiatu cha mchungaji, na foili yenye vibawa vyembamba vilivyochongoka. Ya pili ubao wa manjano, mpana, uliokwaruzwa, wenye sifongo juu, na foili nene kama mwiko.

Nasike akachutama akafanya kazi yake. Akapapasa kingo. Akagonga kwa kidole akasikiliza. Akanusa. Mzungu alikuwa hajawahi kuona mtu akinusa ubao.

"Kwa anayeanza," mzungu akasema kwa Kiswahili chake cha ofisini, "bora huu wa manjano."

Nasike akatabasamu ndani kwa ndani. Yeye mwenyewe kibandani, raba zipi huzisifu zaidi? Zilizomlalia bila mnunuzi! Muuzaji akikusukumia kitu, jua kimemchosha. Tena hakuhitaji macho ya pili kuona kwamba ule wa manjano ulikuwa mlango wa choo, ulikosa bawaba tu.

"Nachukua mweusi," akasema.

"Lakini wewe..."

"Mweusi."

Mzungu alimtazama juu mpaka chini, akafungua mdomo, akaufunga. Wazungu nao wana adabu zao.

Ziwani ubao mweusi ulionyesha tabia yake. Nasike alipoweka goti moja, ulizama upande. Alipoweka magoti mawili, ulizama wote, ukatoweka kama mdeni, kisha ukachomoka nyuma yake na kumpiga kisogoni. Kofia ngumu ikalia ko! Akajaribu tena. Kila mara wavuvi waliokuwa wakipita waliacha makasia kidogo, wakatazama, wakaendelea na maisha.

"Mama," akasema Akot, akiwa amesimama majini mpaka kiunoni, "ubao huu ni wa mtu anayejua tayari. Unaweza kumbeba mtoto wa darasa la tatu. Wewe ni darasa la tatu lote."

"Utanizoea," akasema Nasike. Alikuwa akiuambia ubao.

Haukumzoea. Mwezi wa saba ukaisha Nasike akiwa amekunywa ziwa kwa kiwango cha kumtia aibu kiboko, amemeza vidonge vya kichocho kwa tahadhari, na hajasimama hata mara moja. Sokoni habari zilifika kabla yake. Asubuhi moja alimkuta Huzaifa kwenye kona, ameunganisha mikanda sita ikawa kamba, anapima upana wa kibanda.

"Unafanya nini, Hajji?" Alimwita Hajji kwa kumkera, Huzaifa hakuwahi kufika hata uwanja wa ndege.

"Napima chumba cha bwana harusi, nyabo. Usijali, endelea kuogelea."

Mstari wote ulicheka, na Nasike alicheka nao. Lakini pua yake ilikwishaanza kusikia harufu ya ule mtaro wa zamani.

Siku hiyo hiyo akaja mteja, bwana mmoja mwenye miguu ya kukanyagia udongo wa matofali. Akapenda raba nyekundu, nzuri, ndogo. Akasukuma, akajikunja, jasho likamtoka, kisigino kikagoma mlangoni. Nasike akamletea pea kubwa ya kijivu. Bwana akaikataa: mbaya, ya kizee, na kwa nini anamlazimisha, au imemlalia?

"Ndugu yangu," akasema Nasike, "kiatu hakivaliwi na macho. Kwanza jua kutembea nacho, ndipo..."

Ilikuwa mara ya kwanza mstari ule kusikia sentensi ya Nasike ikikosa mwisho. Huzaifa alichungulia kutoka nyuma ya nguzo kuona kama amepatwa na ugonjwa.

Jioni alikuwa Munyonyo. "Akot, mwanangu, yule mzungu wa Nakasero alikuwa na mlango wa choo wa manjano. Sijui aliuuzia nani."

Akot hakucheka, na hilo Nasike hakulisahau. Alimwongoza tu mpaka stoo. Mzungu alikuwa ameuachia kilabu, pamoja na foili yake nene. Watoto wanaojifunza walikuwa wamechora juu yake samaki aliyevaa miwani.

"Chukua huu mweusi wangu uufanyie mazoezi wewe," akasema Nasike. "Nipe samaki."

Ubao wa manjano ulimpokea kama mkeka. Alipiga magoti, ukakaa. Akainua bawa, ukaenda. Akasimama, ukayumba ukatulia, na Nasike akapiga vigelegele peke yake katikati ya ziwa. Kuruka kulichukua muda zaidi. Akiegemea nyuma, ubao ulirukia mbinguni ukamtupa. Akiegemea mbele, ulichimba maji kama bata. Mara nyingine magugu maji yalijifunga kwenye foili, ubao ukasimama ghafla, yeye akaendelea. Kisha jioni moja kelele za maji chini ya ubao zikakatika. Akadhani amekufa. Alipotazama chini aliona samaki mwenye miwani yuko hewani naye yuko juu ya samaki, na ziwa linapita chini bila kuwagusa. Kwa mara ya kwanza maishani, Nasike hakuwa na la kusema. Halafu akapata, akafungua mdomo kulisema, akaanguka.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane ikafika. Nusu ya mstari walikuja Munyonyo na vyakula vyao. Huzaifa alivaa kanzu na koti, na begani alining'iniza mikanda kadhaa, kwani mfanyabiashara haendi matembezi mikono mitupu. Walisimama gatini pamoja na watu wengine waliokuja kupunga upepo na kula samaki.

Upepo ulikuja alasiri. Nasike akapiga magoti, akasimama, akavuta bawa, akasukuma kwa miguu mara mbili tatu. Ubao ukainuka.

"Amepaa!" akapiga kelele Akot. "Anza!"

Huzaifa alivuta pumzi. Mwito wake kila mtu aliujua, siku zote huumaliza kwa pumzi moja: Mkanda, mkanda, mkanda wa ngozi! Wa baba, wa mtoto, wa polisi, wa mwalimu! Suruali ikianguka usimlaumu shetani, laumu kiuno chako! Mkanda, mkanda, mkanda!

Leo alianza hivi: "Mkaaaaaaa..."

"Wewe Huzaifa!" wakapiga makelele wenzake.

"...aaaaanda," akasema Huzaifa kwa utulivu wa imamu. "Mkaaaaaaanda..." Hakuna aliyewahi kumwekea sharti la mwendo.

Nasike alisikia. Alielewa. Upepo ukalegea, ubao ukashuka hadi kimo cha kiganja. Akasukuma tena, ukapanda kidogo. Huzaifa alikuwa bado kwa mtoto, hajamfikia polisi. Kona ile ilimpita Nasike mbele ya macho, pande zote mbili, na nguzo nyuma yake.

"Wa poooooo..."

Sauti kama ile ikivutwa hivyo husikika mpaka ng'ambo. Watu wakaacha samaki wao wakageuka. Bwana mmoja mwenye kitambi, aliyeshikilia suruali kwa mkono mmoja na chupa ya soda kwa mwingine, akasogea na kushika mkanda ulioning'inia begani mwa Huzaifa.

"Sebo, bwana, huu wa kahawia bei gani?"

Mdomo wa Huzaifa ulijibu kabla ya Huzaifa. "Kwako bosi, bei ya asubuhi! Ngozi ya ng'ombe mzima, pima, pima kiuno!"

Kisha mstari wote wa Owino ukalipuka gatini: "Ameitikiwa! Ameitikiwa!"

Nasike aligeuza kichwa kusikia vizuri, akatumbukia, bawa likamfunika kama shuka. Lakini alitumbukia baada ya mteja kuuliza bei.

Akatoka majini akichuruzika, magugu sikioni, akamwendea Huzaifa, ambaye alikuwa akimtobolea bosi tundu la ziada.

"Amenunua, Hajji?"

"Amenunua." Huzaifa hakuinua macho.

"Basi mwito umeisha."

Huzaifa akafikiri. Angeweza kubisha, ziwa si soko. Lakini wenzake walikuwa wamemzunguka, na mtu akivunja sheria ya zamu siku moja, kesho nani atanyamaza akiita yeye?

"Umeisha, nyabo," akasema.

Jumatatu, Owino iliamka na mwito mpya. "Raba, raba, raba za Nasike! Za kukimbia polisi, za kukimbia mke! Mwenyewe ameruka juu ya mlango wa choo, wewe utashindwa kupanda Nakasero? Raba, raba, raba!" Watu walikuja kutoka pande zote mbili kuona mwanamke huyo ni nani. Huzaifa aliita mpaka mchana, sauti ikakwaruza, na nyuma ya nguzo mikanda yake ikaning'inia bila mtu.

Nasike alimletea chai ya maziwa. Kisha akachukua nyundo, akapigilia kitu ukutani, kwenye ukingo wa kona yake.

"Msumari mmoja, Hajji," akasema. "Tundika mkanda mmoja wa kahawia tu, kama ule wa jana, uonwe na watu wa pande mbili. Na ile mikanda sita uliyopimia kona yangu, irudishe kwako."