Moto Ulale Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini nilichelewa kwa sababu ya mawingu. Basi lilinishusha Musoma mapema kabisa, lakini juu ya ziwa kulikuwa na mawingu meupe yamekaa kama pamba iliyoanikwa, nikasimama kuyaangalia mpaka nikasahau nilichofuata. Nilipofika karakana ya mkoa, Fundi Mkuu alikuwa ameshamaliza chai. Alikuwa mtu mfupi, penseli nyuma ya sikio, ovaroli imepigwa pasi kama suti ya harusi.

"Wewe ndiye binti wa kijiji cha Buswahili uliyefunga mashine ya kusaga kwa kitenge?"

"Ndiyo, mzee. Mkanda ulikatika na watu walikuwa wamepanga foleni."

"Kitenge cha nani?"

"Cha mama."

"Alisemaje?"

"Alinichapa, halafu akasaga."

Akacheka kwa pua. Kijiji ndicho kilichonichagua kwenda kujifunza ufundi, siku zile za ujamaa, na darasa langu lilikuwa la saba tu. Akaniuliza swali moja la kunipima: baridi inatoka wapi? Nikajibu inatoka juu, kwa Mungu. Akasema, "Hapana. Hakuna kitu kinaitwa baridi. Kuna joto lililopo na joto lililoondoka. Sisi ni wapagazi wake, tunalihamisha tu." Toka siku hiyo akawa ananiita mura, jina analoitwa kijana wa kiume kwetu Mara, kwa sababu magoti yake yalikuwa yameshakataa ngazi na alihitaji mtu wa kupanda. Niliitika. Ngazi nilikuwa naipenda.

Mwaka wa kwanza nilikuwaga natengeneza friji za mafuta ya taa za zahanati. Friji ya aina hiyo ina moto mdogo chini na baridi juu, na mimi nilikuwa naweza kukaa nusu saa nikiuangalia ule utambi wa bluu, nikiwaza jinsi moto unavyotengeneza barafu. Fundi Mkuu akipita anasema, "Mura, utambi haukuchumbii. Safisha dohani." Nasafisha, halafu nawaza tena.

Kisha ikaja mashine ya Bunda.

Kiwanda cha kuchambulia pamba cha pale kilikuwa na chumba cha kupanga madaraja. Mkulima akileta pamba yake, mpanga madaraja anachukua fungu, analivuta kwa vidole, anapima urefu na ugumu wa nyuzi. Hewa ikiwa kavu mno nyuzi zinakatika bure; ikiwa na unyevu pamba inaudanganya mkono. Kwa hiyo hewa ya chumba kile ilitakiwa iwe ile ile, asubuhi na mchana. Ikaagizwa pampu ya joto ya kukaa juu ya paa, sanduku la bati lenye ukubwa wa kitanda cha watu wawili. Ndani yake mna kompresa, ambayo ndiyo moyo wa kusukuma gesi, na koili mbili, moja ya kuchukua joto na nyingine ya kulitupa. Mchana inatoa joto chumbani na kulimwaga juani. Asubuhi ya baridi, vali moja inageuza njia ya gesi, na mashine ile ile inachukua joto huko nje na kulishusha chumbani. Nilimuuliza Fundi Mkuu, joto gani liko nje asubuhi ya mwezi wa saba, watu wa Bunda wanatetemeka? Akasema, "Lipo. Wewe hulioni kwa sababu una joto kuliko koili." Maneno hayo niliyabeba siku nyingi.

Akanitanguliza Bunda peke yangu. Mkuu wa Mkoa alikuwa anakuja Alhamisi saa nane mchana kufungua chumba, na Fundi Mkuu angekuja kwenye msafara wake.

Vijana wanaosoma ufundi siku hizi wanadhani kuwasha mashine ni kubonyeza kitufe. Kuwasha mara ya kwanza ni kazi ya siku mbili. Unakaza kila waya, kwa sababu safari ya meli na lori huzilegeza. Unazungusha feni kwa mkono usikie kama inakwaruza. Unaweka chujio la hewa, unamwaga maji kwenye bomba la kutolea jasho la mashine uone kama yanatoka. Halafu unafungua umeme, lakini kompresa huiwashi. Unaiacha mchana na usiku mzima. Tumboni mwa kompresa kuna hita ndogo ya kupasha mafuta yake, kwa sababu mashine ikikaa baridi, gesi inaingia kujificha ndani ya mafuta. Ukiwasha ghafla, mafuta yanafura kama maziwa yanayochemka, gesi inapanda ikiwa majimaji, inapiga vali, inazivunja. Kompresa nyingine haikuwepo nchini.

Kwangu jambo hilo halikuwa geni hata kidogo. Bibi yangu alikuwa na desturi: nyumba mpya hailali watu usiku wa kwanza. Anachukua kaa la moto kutoka nyumba ya zamani, analiweka kwenye mafiga mapya, anafunga mlango, tunarudi kulala tulikotoka. Alikuwa anasema, moto ulale kwanza, uijue nyumba.

Jumatano saa nane mchana nikafungua umeme. Taa nyekundu ya hita ikawaka. Nikajilaza paani kwenye kivuli cha sanduku, mbele yangu uwanda mpaka maji ya ziwa upande wa Kisorya, na nikawa na furaha ya kitoto. Niliposhuka, mlinzi wa zamu ya usiku alikuwa anaingia, Mzee Wambura, mtu mpole mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata wakati wa jua.

"Mashine yako imeanza kazi, binti yangu?"

"Bado, baba. Haijaanza."

Nilisema hivyo tu, nikaenda kula.

Asubuhi saa moja nikamkuta anaosha uso bombani, anatabasamu. "Nimekuzimia ile swichi kubwa jana jioni," akasema. "Mashine haifanyi kazi, taa inawaka. Nikasema hapana, umeme wa wananchi usiliwe bure."

Nilipanda ngazi sijui kwa miguu ipi. Nikaweka mgongo wa mkono tumboni mwa kompresa. Fundi hutumia mgongo wa mkono, kiganja kina sugu kinadanganya. Ilikuwa baridi kama jiwe la ziwani.

Nikairudisha swichi. Taa nyekundu ikawaka tena, na mimi nikahesabu: saa moja hii hadi saa moja ya kesho. Mgeni anakuja leo saa nane.

Meneja wa kiwanda alikuwa mtu wa haraka, viatu vyake vilikuwa vinasikika kabla yake. Alikuja saa nne na Mzee Wambura, aliyebakizwa baada ya zamu, nyuma yake amebeba viti vya wageni.

"Washa tuone," akasema Meneja.

"Bado, Bwana Meneja. Mafuta hayajapata joto. Mpaka kesho."

"Uliniambia unaipasha tangu jana."

"Usiku umeme ulizimwa."

"Na nani?"

Viti vikatulia. Wiki mbili nyuma Meneja alikuwa amemfukuza mlinzi mwingine kwa kusinzia getini, tena mbele ya watu, na kila mtu kiwandani alikuwa analijua hilo. Mzee Wambura akaweka viti chini taratibu. Akavua kofia. Nikaona kichwa chake kwa mara ya kwanza, kina mvi fupi kama ukungu, na midomo yake inafunguka kusema.

"Kosa langu," nikamtangulia. "Sikumwambia mtu kwamba inatakiwa iwake usiku. Wala sikuweka kibao."

Haukuwa uongo. Nilikuwa na mchana mzima wa kuandika kibao, nikautumia kuangalia ziwa.

Meneja akanisogelea. "Sikiliza, binti. Mgeni haji Bunda kupunga upepo. Ikifika saa nane hiyo mashine haijanguruma, utarudi Buswahili ukasage unga. Na kama huiwashi wewe, nitamwita fundi wa jenereta aiwashe."

Aliposhuka nilikaa paani nikalia kidogo, sioni aibu kusema. Halafu nikafungua kisanduku cha umeme, nikachomoa fyuzi tatu za kompresa, nikaziacha zile za hita, nikafunga. Fyuzi nikazitia mfukoni mwa ovaroli nikafunga kifungo.

Saa nane msafara ukafika. Wakulima wa pamba walikuwa wamejaa uani na ngoma zao. Ndani ya kile chumba kulikuwa na joto la tanuri. Wakafungua madirisha, upepo ukaingia, pamba ikapaa. Mkuu wa Mkoa alikuwa amevaa suti nyeusi ya mikono mifupi, akakaa kwa utulivu huku anageuka mweupe pole pole kama kuku wa kisasa. Meneja akawa anampangusa bega, kila akipangusa nyuzi nyingine zinatua.

Fundi Mkuu hakuuliza kitu. Akapanda ngazi, na magoti yake yale, nikimsikia anahesabu vipandio kwa kuguna. Akaweka mgongo wa mkono.

"Vuguvugu," akasema. "Fyuzi ziko wapi, mura?"

"Mfukoni."

"Kaa nazo."

Tuliposhuka Mkuu wa Mkoa mwenyewe ndiye aliuliza, kuna tatizo gani. Meneja akaanza, "Fundi wetu bado mgeni wa kazi..." Fundi Mkuu akasema, "Mwache ajibu."

Maneno ya kitaalamu yote yakanikimbia. Nikamwambia habari za bibi yangu, kaa la moto na nyumba mpya. Nikasema na hii mashine ni nyumba mpya, moto wake haujalala. Kisha mzee mmoja wa kutoka upande wa milimani, mfugaji, akaegemea fimbo yake akasema, "Hiyo tunaijua. Nani alimwambia mgeni aje kabla ya moto?" Watu wakacheka, na Mkuu wa Mkoa akacheka nao, pamba kwenye nyusi. Akakata utepe, akanywa soda yenye uvuguvugu, akaondoka bila kuisikia mashine. Meneja hakunifukuza. Wala hakuniamkia miezi mitatu.

Fundi Mkuu akalala Bunda siku ile. Ijumaa, saa moja ilipopita, tukaweka mikono pamoja kwenye kompresa, ilikuwa na joto la mtoto aliyetoka usingizini. Nikarudisha fyuzi. Nikaenda kumwita Mzee Wambura kabla hajatoka zamu.

"Wewe ndiye utawasha, baba."

"Mimi? Mimi si ndiye niliyezima?"

"Ndiyo maana."

Akabonyeza kwa kidole kimoja, macho amefumba. Feni ikaanza kwanza, inavyotakiwa, halafu kompresa ikashika kwa sauti nzito ya chini, bila kugonga. Geji za kupimia msukumo wa gesi zikatulia. Bomba la kurudishia gesi likaanza kutoa jasho, tone, tone. Tukashuka chumbani, Mzee Wambura akasimama chini ya tundu la hewa, kofia mkononi, uso juu. Tukasimamisha, tukasubiri dakika zake, tukageuza vali, na joto jepesi likashuka juu ya kichwa chake kile cha mvi; nikamwambia limetoka nje, kwenye baridi ile. Akasema polepole, "Kumbe lilikuwepo huko nje."

Siku hiyo hiyo niliandika kibao, herufi kubwa: USIZIME. Nikampa akakining'inize kwenye swichi. Nilipopita baadaye kilikuwa kimening'inia kichwa chini. Yeye alikuwa amesimama pembeni anakiangalia, ameridhika kabisa na kazi yake.

Nilielewa hapo kwamba hata ningeandika kibao Jumatano, kisingesaidia. Nikakigeuza kama mtu anayekaza msumari. Nikamwambia, "Baba, jioni kuna darasa la watu wazima pale shuleni. Mwalimu ameniomba nimsaidie, na mimi naogopa kutembea peke yangu na haya mambwa ya Bunda. Ungenisindikiza kabla ya zamu."

"Hayo mambwa," akasema, "nayajua. Nitakusindikiza."

Alinisindikiza misimu miwili ya pamba. Mwanzoni alikaa mlangoni, kisha dawati la nyuma, kisha la mbele. Siku moja nikakuta kibao changu kimeondolewa, na mahali pake kuna ubao wa mninga, maandishi ya rangi nyeupe, herufi S imegeukia nyuma: MOTO UMELALA. USIZIME.

Nilifanya kazi Bunda, kisha nikapelekwa Butiama kwenye friji za zahanati, kisha nikarudi karakana ya Musoma na kukalia kiti cha Fundi Mkuu mwenyewe alipostaafu. Alikuwa ameacha penseli mezani. Nimewasha mashine nyingi tangu hapo, na wakubwa wengi wameniambia washa tuone. Jibu langu ni lile lile, na wengine wameninunia, lakini kompresa haijawahi kunivunjikia mkononi. Ile ya Bunda ilizeeka kihalali, ikang'olewa paani kwa kutu. Walioing'oa waliniuliza nataka kipuri gani cha ukumbusho. Nikawaambia naomba ule ubao tu.

Nilipostaafu nilijenga kijumba Bweri. Siku ya kuhamia, vijana wa bodaboda walileta kitanda na masufuria, wakashangaa nimeweka moto mafigani, nimefunga mlango na kukaa nje. Mmoja akasoma ubao niliotundika pale mlangoni, akacheka: "Bibi, hii S vipi, mwandishi alikuwa amelewa?"

"Alikuwa mlinzi," nikamwambia. "Nirudishe mjini, mwanangu. Leo hailali mtu hapa."

Asubuhi nilifika kabla ya jua, mawingu yakiwa yamekaa juu ya ziwa kama siku ile niliyochelewa. Sikuharakisha kuingia. Niliweka kwanza mgongo wa mkono ukutani, upande wa jikoni, nikangoja. Ukuta ulikuwa na joto.