Mikono Iliyochelewa Matangani

Nakumbuka Ijumaa ile ya Bugembe, kando ya mji wa Jinja, mwanangu, umeme ulipokatika huku mikono ya marehemu ikiwa ndani ya tanuri. Usishtuke. Ilikuwa mikono ya kioo, au tuseme ilikuwa ikijaribu kuwa ya kioo. Mimi nilikuwa kijana wa shahada moja na viatu vilivyochongoka mbele, nimesimama uani kwa mwalimu wangu, natazama mshale wa kipimajoto ukishuka.

Mwalimu huyo aliitwa Hajati Zaitun. Alikuwa Mnubi; wahenga wake waliletwa Uganda kuwa askari, bunduki begani, naye akaishia kufundisha uchoraji katika shule ya wasichana. Alipostaafu alijenga tanuri la matofali nyuma ya nyumba yake, karibu kabisa na barabara kuu ya Iganga. Lori likipita, vikombe vilitetemeka kabatini. Palikuwa mahali pabaya sana kwa kazi ya kioo, lakini ndipo alipokuwa na kiwanja. Alinipokea nilipotoka chuo kikuu Kampala. Nilikuwa nimeandika tasnifu ndefu kuhusu ukimya katika uchongaji, na sikuwa nimewahi kunyamaza hata siku moja.

Mikono yenyewe ilikuwa ya Mzee Wekesa, fundi cherehani wa Mbale. Alikuwa Mkenya wa kuzaliwa. Alivuka mpaka akiwa kijana, akashona sare za watoto wa shule za mji ule mpaka vidole vyake vikapinda. Binti yake, Nafula, alikuwa mwalimu hapa Jinja. Siku moja alimleta mzee kutibiwa, na kabla ya kumrudisha Mbale akampitisha kwa Hajati, atengenezewe sanamu ya kioo ya mikono yake. Tulichanganya na maji unga ule ambao madaktari wa meno huutumia kuchukua umbo la meno, tukaujaza kwenye beseni, mzee akaizamisha mikono yake yote miwili, ameikunja kama anayesukuma kitambaa chini ya sindano.

"Mnanizika mkianzia mikononi?" akauliza.

"Nyamaza, Mzee," akasema Hajati. "Ukicheka unatikisa."

Unga ulipoganda alichomoa mikono, tukamimina nta ndani ya shimo lililobaki. Tukapata mikono ya nta, yenye kila mkunjo na kila kovu la sindano. Tukaizungushia plasta iliyochanganywa na mchanga laini. Plasta ilipokaza, tukaitoa nta kwa mvuke. Nakueleza haya yote ili uelewe jambo moja. Unga tulikwisha kuupasua. Nta ilikwisha kuyeyuka. Kilichobaki duniani kilikuwa pango ndani ya bonge la plasta, lenye umbo la mikono ya mtu mmoja. Na bonge hilo, yaani kalibu, likishapokea kioo huvunjwa vipandevipande ili kazi itoke. Hakuna kalibu ya pili.

Kalibu ikiwa bado inakauka kivulini, Mzee Wekesa akafariki Mbale.

Nafula alikuja baada ya mazishi, macho yamevimba. Aliomba mikono iwe tayari siku ya kuanua matanga, Jumamosi ya wiki iliyofuata, ili mama yake aipokee mbele ya ukoo. Hajati alikubali. Tukaijaza kalibu vipande vya kioo cha dirisha, vyote kutoka sanduku moja, maana vioo vya asili mbalimbali hugombana vikianza kupoa. Tukawasha tanuri. Kioo kikayeyuka, kikashuka, kikajaza vidole.

Mgeni angedhani kazi imekwisha. Ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Kioo kinene kikipoa haraka, ngozi yake hukaza huku moyo wake bado umelegea, kisha hujipasua chenyewe. Wakati mwingine hujipasua papo hapo, wakati mwingine kikiwa mezani kimetulia na watu wanakunywa chai. Kwa hiyo joto huteremshwa kidogokidogo, siku na usiku, kwa msaada wa umeme. Na Ijumaa ile, mchana, umeme ukakatika.

Hajati hakupiga kelele. Alitazama mshale, akatazama nyaya za barabarani, akasema, "Lete majivu."

Alikuwa na magunia ya majivu ya maganda ya mpunga. Ni mepesi kama hewa, nayo huzuia joto kuliko blanketi. Tuliyapanga kuzunguka tanuri na juu yake, nyufa za mlango tukaziziba kwa udongo mbichi. Mshale uliendelea kushuka. Mimi, nikiogopa, nilianza kueleza ninavyoelewa tabia ya joto katika miili minene. Hajati akanipa gunia jingine. Lori la mafuta likapita, ardhi ikatikisika, sote wawili tukashikilia tanuri kwa viganja kama watu wanaomzuia ng'ombe asiinuke. Kijasho kilinitiririka hadi ndani ya vile viatu.

Umeme ulirudi Hajati akiwa kwenye sala ya alasiri. Alipotoka, alisogeza swichi, akalipandisha joto hadi pale lilipokuwa kabla, ili kioo kitulie upya na safari ya kushuka ianze tena kutoka mwanzo.

"Imepona?" nikauliza.

"Sijui."

"Lakini kwa makisio yako, Hajati?"

"Waiswa, nimesema sijui. Nikikisia, wewe utakwenda kulisema kama habari."

Kuanza upya kulimaanisha kwamba Jumamosi tusingekuwa na kitu mkononi. Na hapo hapo simu yangu ikalia. Jina la Nafula likawaka kwenye kioo chake kidogo. Mwanangu, wewe umekulia kwetu, unajua mafundi wetu wanafanya nini saa kama hiyo. Fundi wa suti, fundi wa vitanda, fundi wa redio, wote wana dawa moja. Wanasema, "Njoo kesho." Kesho ikifika wanazima simu, na ukienda dukani unamkuta jirani anayekuambia fundi ametoka sasa hivi tu.

"Nimwambie kesho asubuhi itakuwa tayari," nikasema. "Halafu tuzime simu mpaka Jumatatu. Tutaeleza baadaye, watu wakishatulia."

Hajati alikuwa akijipangusa majivu kwenye mikono. Aliacha.

"Mama yake Nafula amefiwa," akasema. "Amekuwa akiamka kila asubuhi anamtafuta mtu ambaye hayupo. Na wewe kesho unataka akae mbele ya ukoo wake, atazame barabarani, amtafute mtu mwingine ambaye haji?"

Simu ikaacha kulia.

"Mpigie. Mwambie apite hapa kesho akienda Mbale."

Nafula alifika asubuhi na gari la kukodi, amevaa gauni jeusi la gomesi. Hajati alimweleza kila kitu wakiwa wamesimama mbele ya tanuri, bila kurembesha neno. Nafula alisikiliza, kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo iliniogopesha kuliko kilio:

"Fungua."

"Siwezi."

"Hajati, fungua. Ikipasuka, ipasuke. Ni ya baba yangu. Nitabeba vipande."

"Kwa sababu ni ya baba yako ndiyo maana sifungui. Ikiwa imefungwa, sijui. Nikifungua sasa hivi, hewa baridi ikiingia, najua. Unataka tujue hivyo?"

Nafula aliweka mkono kwenye komeo la mlango. Nilimwona Hajati akiutazama ule mkono, na niliona kwamba hatamzuia. Hilo ndilo lililonitisha. Angeweza kumsukuma, alikuwa mwanamke mwenye nguvu. Alisubiri tu. Barabarani kondakta aliita abiria wa Iganga, akaita tena. Mwishowe Nafula aliushusha mkono, akageuka akalia ukutani, na Hajati akamshika mabega.

"Sasa Mama nitamwambia nini? Baba Mdogo amewatangazia watu wote."

"Hutamwambia wewe," akasema Hajati. "Waiswa atamwambia. Panda gari, Waiswa."

"Mimi? Nikaseme nini?"

"Kwamba haijawa tayari."

"Na nini kingine?"

"Ukiongeza kingine utaharibu."

Nilijaribu kumkumbusha kwamba Kiswahili changu ni cha kuokota. Mama yangu mzazi hakukipenda nyumbani. Kwake kilikuwa lugha ya askari wanaogonga mlango kwa buti. Hajati, ambaye kwao Kiswahili kililala kitanda kimoja na Kinubi, alinitazama kama mtu anayesubiri maji yachemke. Nikapanda gari.

Nyumba ya marehemu ilikuwa Nkoma, pale Mbale, imezungukwa na mahema ya kukodi na watu wengi kuliko nilivyotarajia. Nilitafuta pa kukaa nyuma. Lakini Baba Mdogo Simiyu, ndugu wa marehemu, dereva wa lori na mwenye sauti ya kazi hiyo, aliniona nikishuka.

"Ndiye huyu wa vioo? Karibu, bwana! Sasa, mzigo uko wapi? Ama umeuacha kwa buti ya gari?"

"Sijaja nao, Mzee."

"Ati?" Akawageukia watu. "Si niliwaambia? Fundi ni fundi tu. Hata wa vioo anasema kesho!"

Watu wakacheka kicheko cha matangani, kile kinachotafuta mahali pa kutokea. Nafula alinishika kiwiko, akanipeleka mbele, alikokaa mama yake juu ya mkeka, kitenge kimefunika kichwa. Nilipiga magoti. Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga njiani, habari za joto na unene na uvumilivu wa msanii, yalinitoka kichwani. Nashukuru mpaka leo kwamba yalinitoka.

"Mama, haijawa tayari," nikasema. "Umeme ulikatika. Tumeanza kuipoza upya. Hatujui kama itatoka nzima, na hakuna nyingine."

Kicheko kilikufa. Mama aliinua kichwa.

"Umekuja na nini?"

"Sikuja na kitu, Mama."

"Umetoka Jinja kuja kuniambia hivyo tu?"

"Ndiyo, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayekagua mshono. Kisha akauliza, "Sasa hivi hiyo mikono iko wapi?"

"Ndani ya tanuri."

"Ndani mna joto?"

"Mna joto, Mama. Hata ukuta wa nje ukiugusa unalisikia."

"Kwa hiyo bado ina moto."

"Bado, Mama. Mpaka kesho kutwa itakuwa na joto."

Mama akashusha macho, akasema, si kwangu hasa, "Mimi nilitoka hospitali kwenda nyumbani kumletea uji. Niliporudi nikamshika, alikuwa amekwisha kuwa baridi. Walikuwa wamempanga mikono vizuri, na ilikuwa baridi." Akamgeukia shemeji yake. "Simiyu, lori lako linakwenda lini Jinja?"

"Kesho, Shemeji."

"Nipakie. Na wewe kijana, mwambie huyo mama asifungue mpaka nifike."

Alikuja. Alishushwa na lori mbele ya nyumba ya Hajati, akaletewa kigoda, akakaa kando ya tanuri, akaweka kiganja chake juu ya tofali. Alikaa hapo hadi jioni, na siku iliyofuata akakaa tena. Hajati alimletea chai, hakumletea maneno. Kila mara aliuhamisha mkono mahali pengine palipokuwa na joto zaidi, na tofali lilivyozidi kupoa ndivyo alivyozidi kulikandamiza. Mwishowe akasema mwenyewe, "Imepoa sasa. Fungueni."

Tuliivunja plasta polepole mbele yake. Mkono wa kushoto ulitoka mzima. Wa kulia ulikuwa na ufa kuanzia kifundoni hadi chini ya kidole gumba. Hajati aliuonyesha kwa kidole.

"Mama, huu unaweza kuendelea. Unaweza kukatika mwaka huu, au usikatike kabisa."

"Hata yeye tuliambiwa hivyohivyo," akasema mama. Akaivua kanga yake, akaifunga mikono ile, akaipakata safari nzima ya kurudi Mbale.

Mwanangu, tangu siku hiyo nimechelewesha mengi. Nimechelewesha makala, ahadi, na mara moja nimechelewesha harusi yangu mwenyewe, jambo ambalo mke wangu hulikumbuka kuliko mimi. Sijapata dawa ya kuchelewa, na nikikuuzia nitakuwa tapeli. Ninachoweza kukupa ni hiki. Kazi yako ikikushinda kufika kwa wakati, usiiachie simu iliyozimwa ikujibie. Usimpe mtu kesho usiyokuwa nayo. Nenda mwenyewe, mapema, kwa miguu yako, mkono mtupu, useme maneno machache na yote yawe ya kweli. Watakucheka. Nyamaza, wacheke mpaka kicheko chao kiishe. Wewe unadhani unawapelekea hasara tu, lakini huijui haja iliyo moyoni mwa mtu anayesubiri. Pengine katika ukweli ule mkavu mna kitu anachokihitaji, na uongo wako mtamu ungemnyima. Mama yule angeupoteza ule moto wa siku mbili, nasi tusingejua kamwe kwamba tulikuwa nao wa kumpa.

Nakuombea Mola akupe kazi inayostahili kusubiriwa, na watu wa kuisubiri. Na siku itakapochelewa, maana itachelewa, akutie nguvu magotini ukapige hodi kwao kabla hawajaanza kutazama barabarani. Amina, mwanangu. Amina.