Ardhi Tupu Haijasema Kitu

Shangazi yangu hakukata simu hata siku moja kabla hujamrudishia maneno yake. Ukimwambia umeelewa, hakuridhika. "Hebu nirudishie," alisema, nawe ukapaswa kusema upya alichokuagiza, mwanzo hadi mwisho, kama mtoto anayetumwa dukani. Alimfanyia hivyo daktari, na alinifanyia mimi hata nilipokuwa nimemaliza chuo na nina kazi yangu. Fundi cherehani alimuuliza siku moja kama pale ameitwa kushona au kula kiapo. "Vyote viwili," Shangazi akamjibu. "Haya, mikono inaishia wapi?"

Tabia hiyo aliipata kazini. Kabla shimo kubwa halijachimbwa mjini, yeye ndiye aliyewapigia simu wote waliozika kitu chini: watu wa maji, wa umeme, wa simu na wa maji taka. Kila idara ilileta mafundi na vifaa vya kusaka mabomba na nyaya, wakapuliza rangi juu ya ardhi pale kilipopita kitu chao. Bluu ya maji, nyekundu ya umeme, ya chungwa ya simu, kijani ya maji taka. Mahali pasipopita kitu, fundi aliandika HAKUNA kwa rangi yake. Neno hilo Shangazi alilidai kuliko mistari yote. "Ardhi tupu haijasema kitu," alikuwa akisema. "Inawezekana hakuna bomba, inawezekana hakuna aliyekuja."

Ofisi yake ilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido, chenye meza, simu na dirisha linalotazama ukuta. Aliolewa akiwa msichana, akaachika mapema bila mtoto. Nilipohamia kwake wakati wa chuo niliona kwamba kabatini kulikuwa na kikombe kimoja tu kisicho na vumbi. Hakulalamika. Kutwa nzima naongea na watu, alisema, jioni masikio yanataka kupumzika.

Kati ya sauti za kutwa nzima, moja ilikuwa ya mtu wa idara ya maji. Walifanya kazi kwa simu miaka mingi bila kuonana. Shangazi alimwita Bwana Bluu, naye akamwita Bi Rangi. Nikipita ofisini niliwasikia, maana simu aliiacha wazi mezani ili mikono iwe huru.

"Bi Rangi, umeamkaje?"

"Mimi nimeamka, mabomba yako ndiyo yamelala. Barabara ya kiwandani inachimbwa Alhamisi."

"Vijana wangu watafika Jumatano."

"Hebu nirudishie."

"Barabara ya kiwandani, Jumatano, bluu, na pasipo na kitu waandike HAKUNA. Na chai yako unywe, imeshapoa, naisikia huku."

"Chai haisikiki."

"Ya kwako inasikika. Hujaikoroga tangu ulipopiga."

Shangazi alibaki akicheka peke yake hata baada ya kukata. Nilimuuliza kwa nini wasionane, na idara ya maji iko upande wa pili wa mji tu. "Ili iweje?" akasema. "Tukionana tutaanza kutazamana."

Kisha mvua zilipoanza, simu ya Bwana Bluu ikapokewa na msichana. "Hayupo," akasema. Wiki iliyofuata, hivyo hivyo. Shangazi hakuuliza yuko wapi. Jioni, akiosha kikombe chake, aliniambia kwamba mtu akihamishwa kazi halazimiki kumuaga kila aliyewahi kumpigia. Kile kikombe alikiosha kwa muda mrefu. Tangu hapo akawa anafika nyumbani, anawasha redio, na haisikilizi.

Miezi ikapita, ukaja uchimbaji wa msingi wa hospitali mpya. Gari lake lilikuwa gereji, nikampeleka mimi. Uwanja ulikuwa umechorwa nyekundu, chungwa na kijani. Bluu haikuwepo popote, si mstari, si neno. Msimamizi wa ujenzi alikuwa ameegemea katapila, amekunja mikono.

"Mama, bluu haipo. Maji hayapiti hapa. Tuwashe?"

"Hakuna bluu, na HAKUNA pia haikuandikwa. Ardhi tupu haijasema kitu."

"Basi imenyamaza, mama. Sisi tufanye kazi."

"Kunyamaza siyo kusema hakuna," Shangazi akamwambia, halafu akaitazama simu yake, kama aliyesikia maneno hayo kwa mtu mwingine.

Aliwapigia watu wa maji. Yule msichana akakiri kwamba mafundi walisahau na wangefika mchana. Shangazi akamtaka arudishie, akarudishia. Nikangoja akate. Hakukata.

"Mwanangu," akasema, "yule mzee aliyekuwa hapo kabla yako, yuko wapi?"

Yuko kwa binti yake, msichana akajibu. Alipata kiharusi mwanzoni mwa mvua. Hasemi tena.

Mchana mafundi walikuja, wakapuliza mstari wa bluu uliokatiza pembe ya uwanja, na msimamizi akahamisha vigingi vyake. Shangazi hakuutazama. Alikuwa keshaingia garini. "Fundi akifanya kosa hili namfukuza," aliniambia. "Nimeona ardhi tupu, nikajiandikia mwenyewe HAKUNA."

Jumapili tulikwenda kumwona kwa binti yake. Alivaa gauni lake la kwendea harusi. Bwana Bluu alikuwa mwanamume mfupi, ameketi kwenye kiti karibu na dirisha, mdomo umevutwa upande mmoja. Walitazamana kama wageni wawili waliokosea mlango. Shangazi alikaa ukingoni mwa kochi, akauliza hali, akajibiwa na binti, akanyoosha gauni lake. Mwishowe akaomba namba ya simu ya binti, akatoka nje, nami nikamfuata, akaingia garini na kupiga.

Kupitia dirisha la nyumba niliona binti akiishika simu sikioni mwa baba yake. "Bwana Bluu, umeamkaje?" Shangazi akasema kando yangu. Mle ndani mabega ya yule mzee yakaanza kutikisika, nami nikaogopa, kisha nikaona kwamba anacheka.

Akawa anampigia kila Jumatatu saa mbili asubuhi. Alimsimulia mashimo ya wiki, naye alijibu kwa kugonga simu kwa ukucha. Binti aliniambia kwamba Jumatatu mzee hakubali kula kabla simu haijalia.

Jumapili moja moyo wa Shangazi ulimwangusha jikoni. Pale hospitali, muuguzi alimvua saa, akampokonya simu, akasema dakika mbili tu kisha wanampeleka kwenye upasuaji, na huko hakurudi tena. Nikainama karibu na mdomo wake.

"Kesho Jumatatu," akasema. "Saa mbili umpigie Bwana Bluu. Usimwache na kimya akadhani sijataka. Mwambie nipo, nimechelewa tu. Hebu nirudishie."