Mstari wa Kikombe Kimoja

Mstari niliuchora mwenyewe, kwa rangi ya kucha ya mke wangu, kwenye kidirisha cha birika la stima la mamangu. Nilipima maji ya kikombe kimoja, nikayatia, nikachora pale yalipofika. Nina shahada mbili, na hiyo ndiyo kazi ya mikono pekee niliyowahi kuimaliza.

Tangu baba afariki, mama yuko peke yake Mji wa Kale, ghorofa ya pili. Kila alasiri, akishaswali, alikuwa akijaza birika pomoni, akachemsha, kisha akaijaza chupa kubwa chai ya rangi yenye iliki na tangawizi. Hiyo ilikuwa saa ya wageni wake. Wengi wamehamia ng'ambo ya kivuko, wengine wako makaburini. Alibaki shoga yake mmoja, aliyesoma naye chuoni wakiwa wadogo, ambaye mwanawe alimhamishia Kizingo. Huyo huja akipata wa kumleta, na siku haijulikani. Basi chupa ilijazwa kila siku, na kila siku baada ya isha ikamwagwa.

Sikuvumilia. Nikamweleza mama kwamba birika la stima halina hila, linachemsha kile linachopewa, na hasara yote imo katika maji yasiyonywewa. Nikalitoa hata ukoko mweupe wa maji ya kisima, kwa ndimu, huku nikihutubu.

"Na mgeni akija?"

"Utachemsha, mama. Dakika tatu tu."

"Mgeni achemshiwe maji akiona?"

"Kwani pana ubaya gani?"

"Wewe umesoma," akasema, kama mtu anavyosema: wewe una homa.

Lakini alinitii. Huenda alikuwa amechoka kumwaga. Mimi nilijiona nimeiokoa dunia, kuanzia jikoni kwa mama.

Siku shoga yake alipokuja nilikuwepo. Tuliisikia hodi yake chini, kisha tukamsikia akipanda, magoti yakimpumzisha kila baada ya vidato vitatu. Akaketi, akavuta pumzi, akanitazama.

"Na wewe msomi, mbona wakaa kama mkaguzi wa mita?"

Tukacheka. Kisha macho yake yakaenda kwenye sinia, mahali pa chupa. Palikuwa na kikombe kimoja, kimenywewa nusu.

Mama alikuwa keshainuka. Tukasikia mfereji, tukasikia swichi. Kwetu mgeni haulizwi kama atakunywa. Chai humkuta mgeni, au mgeni huikuta chai, ajue alikuwa akingojewa. Maji yanayotiwa baada ya hodi ni swali, na mtu aliyelelewa ana jibu moja tu.

"Shoga, usijitaabishe. Nimetoka kunywa."

"Kaa kitako, dakika tatu tu," mama akasema kutoka jikoni. Maneno yangu, kinywani mwake.

"Mkwe wangu yuwanisubiri chini na gari." Akajifunga buibui lake vizuri. "Zamani nikiikuta chupa imejaa, nikidhani wajua kama ntakuja."

"Nilikuwa sijui," mama akajibu, akija mlangoni. "Nilikuwa natia tu."

Birika lilijizima kwa mlio wake mdogo, shoga yake akiwa bado kwenye ngazi, akishuka.

Hajarudi tena. Tunasikia miguu imekataa kabisa, hatoki kitandani. Nilimwambia mama nimpeleke Kizingo, gari langu lipo.

"Nikamwambie nini? Kwamba maji yamechemka?"

Nikajaribu kuufuta mstari kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Dawa ikakila kidirisha, kikawa na ukungu, mstari ukabaki. Nikamsihi arudie kujaza. Akanambia hana wa kumjazia, na hesabu yangu ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Hilo ndilo linaloniuma: ilikuwa sahihi.

Jana alasiri nilikwenda kumtazama. Sikumwambia kwamba ningekuja. Akatia maji mpaka kwenye mstari, si tone zaidi, akachemsha, akaniwekea kikombe mbele yangu.

"Na wewe, mama?"

"Mimi nimetoka kunywa," akasema.

Kikombe chake kilikuwa juu ya kabati, kikavu, kimefunikwa. Nikanywa.