Mbwa Aliyesubiri Kwenye Mizizi

Nilipangiwa shule ya Mpapura mwaka mmoja baada ya watu kuhamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa. Nyuma ya nyumba yangu nilikuta mbwa wa kahawia asiye na mwenyewe. Nikamlisha ugali wa muhogo, akabaki.

Baba yangu kule Iringa alinifundisha kumzoeza mbwa atembee ubavuni bila kuvuta. Nikasokota kamba ya katani, nikatia dagaa mfukoni. Akivuta, nasimama; kamba ikilegea, nampa dagaa. Wiki tatu nzima alinikokota mpaka viganja vikachubuka.

Alasiri moja nikamwacha achague njia. Akaingia njia ya zamani, katikati ya mikorosho, kuelekea mahameni, kijiji cha zamani kilichoachwa. Hapo kamba ikalegea yenyewe. Alitembea taratibu, hatua nzima mbali nami, akiinua macho kutazama nafasi tupu iliyokuwa kati yetu. Kila mzizi uliokatiza njia alisimama. Mmoja niliuruka nikatangulia, yeye hakunifuata. Alisubiri kidogo, kisha akaja, kana kwamba kuna mtu amemaliza kuvuka.

Nilimsimulia jirani yangu, mama mmoja mkulima wa korosho. Aliacha kumenya muhogo. Akasema mbwa yule alikuwa wa babu yake, wa kufukuzia nguruwe pori, na babu alipopofuka, mbwa ndiye aliyemwongoza shambani. Babu alifariki mwezi ule wa kuhama, akazikwa kule kule mahameni; tangu hapo mbwa hakukaa kwa mtu.

Nikamuuliza babu alikuwa akimwita kwa neno gani, nami nilitumie.

"Hakumwita, mwalimu. Aligonga fimbo chini, basi. Ila wewe usigonge."

"Kwa nini, mama?"

"Utajuaje ataitika nani?"

Nilikuwa kijana, mkaidi. Nikakata fimbo, nikagonga barabarani mbele ya shule. Mbwa akaja mara moja, nikamfunga kamba, akatembea nami kwa adabu ambayo sikuwahi kumfundisha. Tulikuwa tumefika kisimani nilipogundua kwamba barabara yote ni tupu, nami nakanyaga majani ya pembeni, nikimpisha mtu. Niliitupa fimbo, nikamfungua mbwa kamba.

Sikumzoeza tena. Nilipohamishiwa shule ya Chikongola, mjini, nilimwachia yule mama. Baadaye alinitumia barua: mbwa anakula kwake asubuhi, kisha anashika njia ya mahameni, polepole, na watu wazima wakikutana naye hutoa salamu pale ubavuni mwake, pasipo na mtu.