Maji Makali ya Monasteri

Juzi, mlangoni mwa zahanati, nilipaka sanitaiza mikononi nikajikuta nafanya ishara ya msalaba.

Enzi za korona, nikiwa mtoto, Mama alinipeleka kwa treni, kutoka mtaani kwetu Blacktown hadi monasteri ya zamani kule milimani. Bakuli la maji ya baraka mlangoni lilikuwa kavu. Kando yake palikuwa na chupa ya sanitaiza. Mama alijipaka, kisha kwa mazoea akafanya ishara ya msalaba.

"Yesu wangu, inawasha!"

Nikadhani maji ya baraka ya huku ni makali kuliko ya kwetu. Nikaiba kidogo, nikayatia kwenye kichupa cha juisi.

Kazi ya Mama ilikuwa kuhudumia wazee kwenye makao yao, nao walikuwa wakiugua mmoja mmoja. Kila asubuhi kabla hajatoka kwenda kazini, nilimpaka maji yangu makali kwenye paji la uso. Harufu ya sanitaiza aliijua, lakini hakucheka.

"Paka vizuri, mwanangu," alisema, akiinama nimfikie.